Nyama huli, ngozi unavaa?

"Shikamoo mwalimu. Mimi nafundisha shule ya msingi hapa Morogoro. Huu ni mwaka wa pili sili nyama. Sikuacha kwa dini wala kwa ugonjwa. Nilipita machinjioni siku moja, nikaona, nikashindwa. Sasa wenzangu ofisini wamenikamata kwa makubazi ya ngozi ambayo mama aliniletea kutoka Zanzibar. Wanasema, 'Nyama huli, ngozi unavaa?' Dukani nimeona mkoba ulioandikwa kuwa ni ngozi ya vigani, isiyo na mnyama, shilingi 65,000. Je, niachane na ngozi kabisa nihamie huko? Makubazi niyatupe? Na Desemba naolewa, fundi anataka kunishonea gauni la hariri, nayo nasikia wanaua wadudu. Naomba unieleze ukweli, usinionee haya."

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa uchumba. Kabla ya lolote nikuambie nazungumza nikiwa nimekaa wapi. Kazi yangu ni ngozi. Niliisomea Mwanza, nikaifanya viwandani zaidi ya miaka ishirini, na sasa nawafundisha vijana kuichakata. Nyama nala. Basi ukiona mahali naitetea ngozi kupita kiasi, kumbuka kwamba ndiyo iliyonisomeshea watoto, upunguze hapo.

Wenzako wamekuuliza kana kwamba nyama na ngozi ni uamuzi mmoja. Kwa ng'ombe mwenyewe, ndiyo, anakufa mara moja tu. Lakini anayeamua ng'ombe gani aende mnadani anaangalia bei, na bei ya ng'ombe ni kilo zake. Ng'ombe wa laki nane au milioni anauzwa kwa nyama. Sijapata kumsikia mfugaji wa Mvomero wala Kilosa akisema, "Huyu nampeleka kwa sababu ngozi imepanda." Akishachinjwa, ngozi mbichi inampa mwenye nayo elfu chache, na tangu bei za ngozi zilipoanguka miaka ya 2010, yako machinjio ambako haimpi kitu. Nimewahi kusimama kwenye shimo nyuma ya machinjio, ngozi za wiki nzima zimetupwa humo bila hata kupakwa chumvi, nzi wamefunga wingu. Nchi yetu ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na bado viatu vingi tunavyovaa vinashuka bandarini.

Kwa hiyo makubazi ya mama yako hayakumuua ng'ombe. Yalitengenezwa kwa kitu ambacho kingeoza. Ukiyatupa leo, hakuna ng'ombe atakayepona kesho.

Watu wa fani yangu wakifika hapo hufunga daftari. Mimi sifungi, kwa sababu hoja hii inasimama mradi tu ngozi iwe rahisi. Ikipanda bei kuliko nyama, mambo yanageuka, na sisi wa Afrika Mashariki tumeyaona yakigeuka mbele ya macho yetu. Mtazame punda. Uchina ngozi ya punda huchemshwa ikatoa gundi inayotumiwa kama dawa, iitwayo ejiao, na punda wao walipopungua wanunuzi walikuja huku. Kenya ilianza kutoa leseni za machinjio ya punda mwaka 2016. Katika miaka michache wizi wa punda ukawa kilio: mama anaamka asubuhi, punda aliyekuwa akimchotea maji hayupo, mzoga uko kichakani umechunwa, nyama imeachwa pale pale. Hebu fikiria nyama kuachwa! Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mwaka 2020, ikashindwa mahakamani mwaka uliofuata, na mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana Addis Ababa kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi bara zima kwa miaka 15. Ile haikuwa biashara ya nguo, najua, lakini sijaona mfano unaoonyesha wazi zaidi tofauti kati ya ngozi iliyobaki baada ya nyama na ngozi iliyomtangulia mnyama kaburini.

Kipimo hicho hicho utakibeba kwa vitu vingine. Manyoya ya minki, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche anayefugwa kwenye vizimba Ulaya: anauawa kwa ajili ya koti, basi. Mkoba wa mamba au chatu: ngozi ndiyo bei. Mbega wetu mweusi na mweupe aliwahi kuwindwa sana mwishoni mwa karne ya 19 kwa sababu wanawake wa Ulaya walipenda manyoya yake marefu mabegani. Na hapa nikuonye kwa lingine kabisa: ukiuziwa kandambili zenye kipande cha chui, pundamilia au chatu, hata mtalii akizitamani vipi, hizo ni nyara za serikali, na kukutwa nazo bila kibali ni kosa la jinai. Usije ukaenda harusini ukapitia polisi.

Kuna ngozi moja ambayo ningesema ni safi kuliko zote kwa mtu mwenye moyo kama wako: ya mnyama aliyekufa mwenyewe. Ukame wa 2021 na 2022 ulilaza mifugo mingi Simanjiro na Longido. Hakuna aliyeshika kisu. Waislamu watakukumbusha hadithi ya kondoo wa nyumba ya Bi Maimuna, aliyekufa akatupwa, Mtume akapita akauliza kwa nini hawakuichukua ngozi yake wakaidabighi, yaani wakaichakata, wakaitumia. Wakasema, huyo ni mzoga. Akawajibu kwamba kilichoharamishwa ni kumla. Naipenda hadithi hiyo, kwa maana inatenganisha ulaji na uvaaji karne nyingi kabla ya wenzako wa ofisini. Lakini kitaalamu kuna mambo mawili. Damu isipomtoka mnyama inabaki kwenye mishipa, na ngozi iliyokamilika inaonyesha mistari kama ramani ya mito. Fundi hailipii vizuri. Na la pili ni la hatari: mnyama aliyekufa ghafla bila sababu kujulikana asichunwe. Kimeta kinaua wachunaji, na kinakaa kwenye ngozi na manyoya muda mrefu sana. Mwite daktari wa mifugo kwanza. Sokoni hutakuta kiatu kilichoandikwa kuwa mnyama wake alikufa mwenyewe, basi hilo tuliache.

Sasa jambo ambalo watu wanaopenda wanyama hawaniulizi, nami hulingoja: mnyama aliishije akiwa hai? Ngozi haifichi kitu. Nikiitandaza mezani nasoma maisha yake kama daftari. Mashimo madogo ya kupe tumboni. Makovu ya miba. Michirizi ya fimbo mgongoni. Na kubwa kuliko yote, chapa ya moto, mara nyingi ubavuni au kwenye paja, mahali penye ngozi nene na nzuri kuliko zote. Mfugaji anachoma pale ili ionekane kwa mbali. Mnyama anaumia, na kiwanda kinatupa kipande ambacho kingetoa jozi kadhaa za viatu. Serikali imekuwa ikihimiza hereni za kielektroniki masikioni badala ya chapa, na wafugaji wengine wamezipinga kwa sababu ya gharama. Mimi naziunga mkono kwa sababu zote mbili, ya ng'ombe na ya ngozi. Ni mara chache huruma na faida zinakwenda njia moja, zikienda tusizichezee.

Ukishamaliza suala la mnyama, liko suala la mto. Ngozi mbichi ikiachwa inaoza. Ndiyo maana inachakatwa. Inalowekwa, inatiwa chokaa na salfaidi ili nywele zitoke, inakwanguliwa nyama, kisha inapewa kitu cha kuifunga isioze tena. Katika ngozi nyingi duniani, kama 80 katika kila 100, kitu hicho ni chumvi ya kromu. Ni ya haraka, siku moja au mbili, na inatoa ngozi laini ya rangi ya bluu ambayo baadaye unaipaka rangi yoyote. Kromu hiyo ya kawaida si sumu kali kama watu wanavyodhani, lakini ikichakatwa hovyo, au ikipata joto kali, inaweza kugeuka kuwa aina ya pili inayowasha ngozi ya mtu na kusababisha saratani. Umoja wa Ulaya tangu 2015 unakataa bidhaa ya ngozi yenye zaidi ya miligramu 3 za aina hiyo kwa kilo. Kwetu sijaona ikipimwa. Ndiyo maana nikimwona fundi viatu anachemshia chai kwa mabaki ya ngozi namfokea. Moto ule ndio unaoigeuza, na moshi anauvuta yeye na mtoto aliyemletea chapati.

Maji ya kiwanda nayo. Katika tani moja ya ngozi mbichi tunapata takriban kilo 200 za ngozi iliyokamilika. Zinazobaki ni nywele, mafuta, vipande, tope na maji machafu mengi. Kiwanda kimoja nilichowahi kufanyia kazi, sitakitaja, kilikuwa na mabwawa mazuri ya kusafishia maji, yamechorwa hata kwenye kalenda yao. Usiku umeme ulipokatika, na ulikatika sana siku ambazo wakaguzi hawapo, bomba lilifunguliwa moja kwa moja mtoni. Nilikuwa kijana, nilikuwa na mkataba wa miezi mitatu, nikanyamaza. Dhaka, huko Bangladesh, mtaa mzima wa Hazaribagh uliishi hivyo kwa miongo hadi viwanda vilipohamishwa mwaka 2017. Ukiniuliza ni nani alidhulumiwa zaidi na jozi ya viatu vya ngozi vya bei poa, mara nyingi nitamtaja kijana aliyesimama kwenye pipa la chokaa bila mabuti kabla sijamtaja ng'ombe.

Njia nyingine ni magome. Ni ya zamani kuliko kiwanda chochote, na malighafi yake iko kwetu. Nenda Njombe uone mashamba ya miwati: mti ule unachunwa gome, gome linachemshwa, linatoa dawa nyekundu ya kuchakatia ngozi inayouzwa hadi nje. Kampuni ya TANWAT iko pale tangu 1949. Maganda ya mgunga nayo yanafaa. Magome ya mikoko ya Rufiji yalisafirishwa tangu enzi za Wajerumani, ila hayo leo sikushauri uyatafute, mikoko yenyewe inahitaji kuhurumiwa. Ngozi ya magome inachukua wiki, inakuwa ngumu zaidi, inageuka rangi kwa jua, na maji yake machafu yanahitaji kusafishwa pia, asikudanganye mtu. Lakini haina kromu. Ukitaka kuijua, tazama ukingo uliokatwa: ya magome ni kahawia hadi katikati, ya kromu mara nyingi ina mstari wa kijivu au bluu katikati, isipokuwa imetiwa rangi hadi ndani. Makubazi mengi ya pwani, yale magumu yanayolia kwa siku za kwanza, ni ya magome. Yageuze ya mama yako uone.

Haya, twende kwenye mkoba wa 65,000.

Jina zuri, ngozi ya vigani. Kwa asilimia kubwa ya vile nilivyovishika Kariakoo, ni kitambaa kilichopakwa plastiki, poliyurethani au PVC. Bibi zetu waliviita reksini wakaviwamba kwenye makochi, na hakuna aliyejisifu. Ni kweli hakuna mnyama ndani, na ikiwa hilo peke yake ndilo linalokukosesha usingizi, nunua, sitakucheka. Lakini joto na unyevu wa Morogoro havina urafiki na poliyurethani: inanyonya unyevu, inavunjika polepole, siku moja unaushika mkoba inabaki vumbi kama magamba mkononi. Mwaka, miwili. Haishoneki, haipakiki dawa, haiwezi kurudi kwa fundi. Mwisho wake ni shimo la taka nyuma ya nyumba, na shimo la taka kwetu linawashwa moto. PVC ikiungua inatoa moshi wa asidi na dioksini. Mbuzi anayelala jirani na shimo lile anauvuta, na wewe unauvuta.

Usikubali pia neno la pembeni la "ngozi halisi" bila kuikagua, maana kuna ile ya unga: vipande vya ngozi vimesagwa, vikachanganywa na gundi ya plastiki, vikabandikwa sura ya ngozi. Hiyo ina mnyama na ina plastiki, umepata hasara zote mbili. Ukiweza kupata uzi mdogo kutoka ukingoni, uwashe kwa kibiriti: ngozi inanuka nywele zilizoungua na kuwa jivu, plastiki inayeyuka ikafanya tone jeusi. Muuzaji akikukataza, hilo nalo ni jibu.

Kuna ngozi za mimea za kweli zinazojaribiwa duniani. Piñatex hutengenezwa kwa nyuzi za majani ya nanasi, kazi aliyoianza Carmen Hijosa wa Uhispania baada ya kuona viwanda vya ngozi vya Ufilipino. Mananasi ya Kiwangwa na Geita yanayotupwa majani yangetosha kwa mengi. Ila hata hiyo hupakwa utando wa plastiki juu ili isinyonye maji, na bei yake utaikimbia. Mbona tunatazama mbali? Ukitaka kuvaa kisicho na mnyama, fundi katambuga yupo stendi, anakukatia tairi la lori unatembea nalo miaka saba. Mkoba wa ukili upo, kikapu cha mkonge kipo. Waganda wanapiga gome la mti wa mutuba likawa kitambaa, lubugo, na UNESCO imelitambua tangu 2005. Ukimpa fundi hodari lubugo na mshipi wa mkonge atakutolea mkoba ambao ofisini kwenu wataacha kuuliza maswali, wataanza kuuliza bei.

Kuhusu sweta, usijisumbue sana. Ya mitumba kutoka Mnadani tayari imeshavaliwa na mtu, kondoo wake hakupi deni. Mpya ya merino ya Australia ni habari nyingine. Huko kondoo wengi hukatwa ngozi ya makalioni kuzuia funza, mara nyingine bila ganzi, na New Zealand walikataza hilo mwaka 2018.

Hariri. Umesikia sawasawa. Buu la hariri linajizungushia uzi mmoja mrefu, karibu kilomita nzima katika kifuko kimoja, na likiachwa litoke lenyewe linaukata uzi huo. Kwa hiyo kifuko kinapigwa mvuke au kinachemshwa buu likiwa ndani, na gauni moja linamaliza maelfu. Hapa hoja yangu ya mabaki haipo: buu linafugwa kwa ajili ya uzi, linauawa kwa ajili ya uzi. Kwa kipimo chako mwenyewe, hariri ni nzito kuliko makubazi yako, hata kama watu hawalionei huruma buu. Kuna hariri inayosokotwa baada ya mdudu kuondoka, hasa ile ya eri ya India ambayo kifuko chake kina tundu tangu mwanzo. Haing'ai sana, inafanana na pamba nzuri. Ukiipata, ni gauni la heshima.

Lakini kabla hujalia, muulize fundi anaposema hariri anamaanisha nini. Nimekwenda na binti yangu Kariakoo kununua hariri ya harusi, tukapitia maduka sita, na kila kipande tulichochoma uzi wake kilifanya tone jeusi. Satini ya poliesta, mama, yote. Bei ya hariri, kitambaa cha plastiki. Huenda hofu yako yote ni kwa ajili ya wadudu ambao hawakuwahi kuwemo. Ikiwa ni poliesta, mlipe bei ya poliesta. Ikiwa unataka kitu kinachopumua Desemba ile, na Desemba ya Morogoro unaijua, chukua pamba nyepesi au kitani, aitilie nakshi ya mkono kifuani.

Na makubazi usiyatupe. Hata ungeamua leo kwamba hutanunua ngozi tena maishani, nami nitauheshimu uamuzi huo kuliko wa anayenunua jozi nne kwa mwaka, haya yameshatengenezwa na mama yako ameshayabeba kwenye boti. Wakikuuliza ofisini, waambie hununui mpya, unavaa ya mama. Soli ikiisha mpelekee fundi mwenye msharasi, si mwenye gundi peke yake; mikanda ile inashonwa. Masika yakianza usiyafungie kwenye mfuko wa nailoni, yataota ukungu. Yafute kwa kitambaa kikavu, yapake mafuta ya nyonyo kidogo tu, yaache kivulini usiku mmoja. Mafundi wa zamani walimalizia kwa nta ya nyuki ili maji yasiingie, lakini nta nayo inatoka kwa mdudu, basi hapo utajiamulia mwenyewe.